Mtoto Safarini: Afya Ndani ya Basi, Feri na Meli

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Kinoru, mjini Meru. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo uketi tuzungumze. Kama kuna kalamu na karatasi karibu, zichukue, kwa sababu leo kuna vipimo vya kuandika.

Mada ya leo ililetwa na akina mama wa chama kimoja hapa mtaani. Wamechanga pesa mwaka mzima ili shule zikifungwa mwezi wa Desemba wawapeleke watoto Mombasa waone bahari. Watapanda basi hadi Nairobi, kisha basi lingine au gari la moshi hadi Mombasa. Watavuka kwa feri pale Likoni, na siku moja watapanda mashua. Nyanya mmoja anayelea wajukuu wawili aliniuliza hivi: "Sista, nimesikia kwamba zile meli kubwa za watalii watu huugua wote kwa pamoja, kama kuku wa banda moja. Sisi na hawa watoto tutarudi wazima?"

Nilimwambia, nyanya, hilo ni swali zuri, na jibu lake litawafaa wengi. Kwa hivyo leo tuanze na hiyo meli kubwa, kisha tushuke hadi kwenye basi letu la Meru.

Meli inatufundisha nini?

Meli kubwa ya kitalii ni kama mtaa mzima unaoelea juu ya maji. Hubeba maelfu ya watu kwa siku nyingi. Wote wanakula katika kumbi zilezile, wanashika vyuma vilevile vya ngazi, na wengi wanatumia vyoo vilevile. Mmoja akipanda na ugonjwa wa kuambukiza, ugonjwa huo haukosi pa kwenda.

Wengi wetu tunakumbuka mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipoanza kuenea duniani. Mwezi wa Februari mwaka huo, meli iitwayo Diamond Princess iliwekwa karantini katika bandari ya Yokohama nchini Japani. Ndani yake mlikuwa na watu 3,711, abiria pamoja na wafanyakazi. Kufikia mwisho, watu 712 kati yao walikuwa wamepatikana na virusi. Hata neno karantini lilitoka kwenye meli. Zamani za ugonjwa wa tauni, mji wa Venice kule Italia uliziamuru meli zingoje siku 40 kabla ya watu kushuka, na neno hilo linatokana na jina la arobaini katika lugha yao.

Lakini ugonjwa unaosumbua meli hizo mara nyingi ni wa kutapika na kuhara, unaoletwa na virusi viitwavyo norovirusi. Virusi hivi vina ujanja wa aina tatu. Kwanza, chembechembe chache sana zinatosha kumwangusha mtu. Pili, hukaa kwa siku kadhaa juu ya meza, vishikio vya milango na bomba za maji. Tatu, ile dawa ya mikono ya spiriti tuliyoizoea wakati wa korona haiviwezi vizuri. Kinachoviondoa mikononi ni sabuni na maji yanayotiririka.

Sasa tazama basi letu la usiku. Abiria ni hamsini hivi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, wote wanashika chuma kilekile cha mlangoni, na basi likisimama wote wanakimbilia choo kimoja na kibanda kimoja cha chakula. Hiyo ni meli ndogo, mama. Na kuna jambo moja ambalo ile meli ya watalii inatushinda. Ndani yake kuna daktari na chumba cha matibabu. Ndani ya basi letu kuna dereva na utingo tu. Mtoto akianza kuhara saa saba za usiku, muuguzi ni wewe.

Yaliyonipata mimi mwenyewe

Nitawaambia kisa ambacho si cha kujivunia. Binti yangu alipokuwa na miezi 14, nilisafiri naye usiku kwenda Mombasa kwa harusi ya ndugu yetu. Nilipakia nguo za harusi, viatu vya aina mbili na zawadi. Nilibeba pia maziwa ya moto ndani ya thamosi, nikijua atakunywa hadi asubuhi. Mimi muuguzi, niliyefundishwa chuoni, sikubeba hata pakiti moja ya ORS.

Tulipofika Mtito Andei, karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa, mtoto alitapika. Tulipopita Voi alikuwa amehara mara nne. Nilikuwa na soda na biskuti, vitu ambavyo nawakataza akina mama wengine kila siku. Kufika Mombasa asubuhi macho yake yalikuwa yamezama ndani, na alilia bila machozi. Tulikwenda hospitali kabla ya kwenda harusini. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini ile njia kutoka Voi hadi Mombasa ilikuwa ndefu kuliko safari zote nilizowahi kwenda.

Kosa langu lilikuwa nini? Maziwa yaliyokaa vuguvugu ndani ya thamosi kwa saa nyingi ni shamba la viini. Na nilingoja kufika ndipo nitafute tiba, ilhali tiba ya kwanza ya kuhara huanza pale pale ulipoketi. Shikeni neno hilo, ndilo mzigo wa mazungumzo ya leo: tiba ya kuhara haingoji kufika.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Wiki mbili au tatu kabla ya safari, fungua kitabu cha kliniki cha mtoto. Angalia kama chanjo zimekamilika. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Surua huenezwa kwa hewa, na viini vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka mahali pale. Ndani ya gari lililofungwa madirisha, mtoto asiyechanjwa hana pa kujificha. Kama chanjo ilipita, njoo kliniki, hatutakugombeza.

Wale watakaovuka mpaka hadi Tanzania, au kupanda boti ya kwenda Zanzibar, waulize mapema kuhusu chanjo ya homa ya manjano. Wasafiri kutoka Kenya wanaweza kudaiwa kadi yake. Kadi hiyo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hivyo usingoje siku ya mwisho. Tangu mwaka wa 2016 kadi hiyo inatosha maisha yote.

Mtoto akiwa na homa, akihara au akitapika siku ya kuondoka, ahirisha safari. Najua nauli imelipwa. Lakini mtoto mgonjwa huzidiwa njiani, na huwaambukiza watoto wa wenzako. Aliyekuwa akitapika na kuhara, mwache akae angalau siku mbili baada ya kupona kabla ya kumkusanya na wengine.

Sasa tupakie mfuko wa mtoto. Andika:

1. Pakiti za ORS, angalau nne, na vidonge vya zinki. Uliza kituo cha afya kilicho karibu nawe, au ununue duka la dawa.
2. Chupa ya plastiki safi ya nusu lita, ya kupimia maji ya ORS, pamoja na kikombe na kijiko.
3. Maji ya kunywa yaliyochemshwa nyumbani yakapoa, au ya chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa.
4. Kipande cha sabuni, na chupa ya maji ya kunawa. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko. Ukiinamisha chupa, maji yanachirizika kama bomba.
5. Mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, ule wenye kifuniko. Huo ni wa matapishi na nepi chafu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, na hata hivyo mfuko hupasuka, mkebe haupasuki.
6. Leso mbili na nguo za kubadilisha, zako na za mtoto.
7. Kitabu cha kliniki, na dawa zozote ambazo mtoto hutumia kila siku. Dawa hizo zikae mkononi mwako, zisiwekwe kwenye buti la basi.
8. Neti iliyotiwa dawa. Nitaeleza sababu baadaye.

Chakula, maji na mikono

Mtoto ambaye hajafikisha miezi sita anyonye maziwa ya mama peke yake. Najua Pwani kuna joto, na watu watakuambia mpe maji. Hahitaji. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, hata kwa joto la Mombasa. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, nawe mama unywe maji ya kutosha.

Mtoto anayetumia maziwa ya kopo, beba maji ya moto yaliyochemka ndani ya thamosi, na unga wa maziwa kando. Changanya wakati wa kunywa tu, na uache yapoe kabla ya kumpa. Yakibaki, yamwage. Tumia kikombe safi badala ya chupa ya chuchu, kwa maana chuchu ni ngumu kuosha safarini.

Kwa watoto wakubwa na sisi wenyewe, kuna kanuni rahisi: kile chakula kinachofuka moshi, na kile unachomenya mwenyewe. Hapa Meru Mungu ametupa ndizi. Ndizi imevaa koti lake, hakuna mkono ulioigusa ndani. Chungwa pia, na yai la kuchemsha likiwa bado ndani ya ganda. Viazi vya kuchemsha na chapati ulizopika asubuhi zinafaa kuliwa mapema njiani. Pilau au nyama iliyolala kwenye mkebe ndani ya gari lenye joto, usimpe mtoto baada ya saa mbili. Kachumbari, matunda yaliyokatwa na kuachwa wazi, na juisi zenye barafu usizojua maji yake yalitoka wapi, viachie wenyewe.

Ukifika ufukweni, dafu ni zuri likikatwa mbele yako kwa kisu kilichooshwa, na likinywewa papo hapo.

Mikono ioshwe kwa sabuni mara tano: baada ya choo, baada ya kubadilisha nepi, kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto, na baada ya kusafisha matapishi. Mikono ya mtoto pia, kwa maana mtoto hushika kiti kisha hushika mdomo. Dawa ya spiriti si mbaya, itumie pale pasipo na maji kabisa, lakini isichukue nafasi ya sabuni.

Mtu akitapika karibu nawe, sogeza watoto. Funika matapishi kwa karatasi au kitambaa, uyaondoe, kisha unawe. Mkishafika, nguo zilizochafuka zifuliwe kando kwa maji ya moto na sabuni. Na dirisha la basi lifunguliwe kidogo hata kama kuna baridi. Mfunike mtoto blanketi, lakini mwache apate hewa.

Mtoto akianza kuhara njiani

Sasa kalamu mkononi. Choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, huko ni kuhara. Kinachoua mtoto anayehara mara nyingi ni kuishiwa na maji na chumvi mwilini. Kwa hivyo kazi yako ni kurudisha kile kinachotoka.

Soma pakiti ya ORS. Nyingine ni za nusu lita ya maji, nyingine ni za lita nzima. Ukikosea kipimo, dawa inakuwa kali mno au hafifu mno. Nawa mikono, pima maji safi kwa ile chupa ya nusu lita, mimina pakiti yote, tikisa hadi iyeyuke. Usitumie nusu ya pakiti kwa kukisia. Usiongeze sukari, wala usichanganye na soda au maziwa. Mchanganyiko huo utumike ndani ya saa 24, kisha umwagwe.

Kila baada ya choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani kama robo kikombe hadi nusu kikombe cha chai. Wa miaka miwili na zaidi apewe mililita 100 hadi 200, yaani nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena polepole zaidi, kijiko kimoja kimoja. Usiseme amekataa. Hata ndani ya basi linalotikisika, kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili kinaingia.

Zinki nayo hupewa mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekwisha. Mtoto wa miezi sita na zaidi ni miligramu 20. Wa chini ya miezi sita ni miligramu 10. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ile desturi ya kumnyima chakula mtoto anayehara inamwongezea udhaifu.

Kama huna pakiti kabisa na duka liko mbali, chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Chumvi isizidi. Tumia huu kama msaada wa njiani tu, hadi upate ORS yenyewe.

Dawa za kufunga tumbo usimpe mtoto. Na dawa ya viuavijasumu usinunue kwa kukisia, kwa sababu kuhara kwingi huletwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviui.

Kisha jua dalili za hatari. Mwambie dereva akushushe kwenye hospitali iliyo karibu, na usione haya, kama mtoto:

1. hawezi kunywa wala kunyonya;
2. anatapika kila kitu;
3. amelegea, analala kupita kawaida au haamki vizuri;
4. ana degedege;
5. macho yamezama, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole;
6. ana damu kwenye choo;
7. anahara maji matupu kwa wingi kama maji ya mchele.

Hiyo ya mwisho yaweza kuwa kipindupindu. Kipindupindu kinaweza kummaliza mtu maji kwa saa chache, awe mtoto au mtu mzima. Endelea kumpa ORS mkiwa njiani kwenda hospitalini.

Kichefuchefu cha mwendo

Mtu wa Meru anazijua zile kona na mabonde kutoka Nkubu hadi Chuka. Kuna mtoto ambaye kabla ya kuvuka daraja la Nithi ameshatapika. Huyu si mgonjwa wa tumbo. Ndani ya sikio kuna majimaji yanayouambia ubongo kwamba mwili unasogea. Macho yanaona kiti kilichotulia. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Baharini huwa hivyo hivyo, mawimbi yakiwa makubwa. Watoto kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio husumbuka zaidi.

Mketishe mbele, atazame nje mbali. Kwenye mashua au meli, kaa katikati, penye hewa, atazame pale mbingu inapokutana na bahari. Asisome wala kuchezea simu. Apate chakula chepesi saa moja au mbili kabla, asijazwe mafuta, na pia asisafiri na njaa. Mtu mzima anaweza kujaribu tangawizi.

Hapa nina onyo. Kuna akina mama wanaompa mtoto dawa ya mafua au ya kuzuia kutapika ili alale njia nzima. Dawa iitwayo promethazini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumfanya aache kupumua. Katika giza la basi utadhani amelala. Tafadhali, mtoto asipewe dawa ya kulazwa. Mtoto anayelia safarini ni kero, lakini anapumua.

Mkiwa majini

Feri ya Likoni huvuka kwa dakika chache tu, lakini dakika hizo zinahitaji akili. Mshike mtoto mkono, ngojeni feri isimame kabisa, na msikimbilie mlango. Kikijaa, ngojeni kinachofuata. Wazee wa Pwani hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipopinduka kikiwa kimejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa.

Kwenye mashua, kila mtu avae jaketi la kuokolea, na mtoto avae lake la kumtosha. La mtu mzima humtoka mtoto kichwani. Usimfunge mtoto mgongoni kwa leso mkiwa majini. Mwenye mashua akisema hana majaketi ya watoto, mwambie asante, mtatazama bahari mkiwa mchangani.

Homa baada ya kurudi

Nilisema nitaeleza kuhusu neti. Hapa Kinoru kuna baridi ya Mlima Kenya, na malaria si nyingi kama Pwani. Kwa hivyo miili ya watoto wetu haijazoea kupigana nayo, na ikiwapata huwa kali. Mkiwa Mombasa, Kwale, Kilifi au Lamu, mtoto alale ndani ya neti iliyotiwa dawa kila usiku, na jioni avae nguo za mikono mirefu. Kabla ya safari, uliza kliniki kama mnahitaji dawa za kuzuia malaria.

Malaria haijitokezi siku ile mbu anapouma. Kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili, na wakati mwingine zaidi. Yaani mtakuwa mmerudi nyumbani, picha zimetazamwa, na mtoto anashikwa na homa. Wewe utasema ni homa ya baridi. Hata mhudumu anaweza kudhani hivyo usipomwambia. Kwa hivyo, homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari, mlete mtoto apimwe siku hiyo hiyo, na neno lako la kwanza liwe: "Tulikuwa Pwani." Maneno hayo mawili yanaweza kuokoa maisha.

Maswali yenu

Mama mmoja anauliza, "Nina mimba ya miezi saba, naweza kusafiri?" Mama, njoo kwanza upimwe. Malaria ni hatari kwako na kwa mtoto aliye tumboni. Kuketi saa nyingi pia huweza kugandisha damu miguuni, kwa hivyo shuka utembee kila basi linaposimama, nyoosha miguu, kunywa maji, na usibane mkojo. Zile meli kubwa za kitalii, kampuni nyingi hazimpokei mama aliyefikisha wiki 24 za mimba, kwa sababu chumba chao cha matibabu hakikuandaliwa kwa uzazi.

Mwingine ana kijana aliyepata kazi kwenye meli, anauliza amwambie nini. Mwambie akamilishe chanjo, aoshe mikono kwa sabuni, na akihara au kutapika aripoti mara moja hata kama anaogopa kukatwa siku za kazi. Mpishi mmoja anayeficha tumbo lake anaweza kuwaangusha mamia.

Na yule nyanya wa chama? Nilimjibu kwamba atarudi na wajukuu wazima akifunga mfuko wake vizuri. Aliniuliza zile pakiti nne za ORS ni shilingi ngapi. Nilipomwambia, alicheka akasema ni nauli ya bodaboda kwenda sokoni. Akaandika pakiti sita.

Kabla sijawaaga, tukumbuke kwa ufupi. Mtoto mgonjwa asisafiri. Sabuni na maji ni bora kuliko dawa ya spiriti. Chakula kiwe cha moto au cha kumenya. ORS na zinki ziwe mkononi, na zianze njiani. Jaketi la kuokolea kwa kila mtoto. Neti kila usiku. Na homa ikija mkisharudi, sema mlikuwa wapi.

Basi safari njema kwa wanaosafiri, na amani kwa wanaobaki. Tukutane wiki ijayo saa kama hii. Kwaherini.